Mgonjwa naye aulizwe: haki za jamii za asili wakati wa janga

Mwenyekiti wa mkutano, wazee wetu, waheshimiwa wageni, ndugu zangu nyote, nawasalimu na nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Methali hii ina huruma ndani yake: anayeumwa usimchoshe kwa maswali, mpikie, mpelekee. Lakini serikali ikiichukua na kuifanya sera, huruma inatoka na inabaki amri tupu. Ndivyo tulivyoona tangu tarehe 11 Machi 2020, Shirika la Afya Duniani liliposema kwamba UVIKO-19 sasa ni janga la dunia nzima. Jamii za asili, yaani wenyeji wa kwanza wa ardhi zao, watu zaidi ya milioni 476 waishio katika nchi zipatazo 90, ziliamuliwa mambo mengi na zikaulizwa machache mno. Nimesimama hapa kusema kwamba kuulizwa si adabu ya kusubiri hadi hali itulie. Kuulizwa ni sehemu ya kinga yenyewe, na asiyeulizwa ndiye anayezikwa kwanza.

Nianze na Wasioux wa Cheyenne River, jimbo la South Dakota, Marekani. Janga lilipoanza kusambaa waliweka vituo vya ukaguzi kwenye barabara zinazoingia katika ardhi yao. Kazi iliyofanyika pale haikuwa na makubwa. Gari linasimamishwa. Mtu mwenye barakoa anasogea dirishani na kumuuliza dereva: unatoka wapi, unakwenda wapi, kuna mwenye homa au kikohozi humo ndani? Msafiri anayepita tu anaruhusiwa kuendelea na safari yake, ila asitue. Anayetoka eneo lenye maambukizi makali, bila shughuli ya lazima, anageuzwa. Majibu yanaandikwa, ili akipatikana mgonjwa ijulikane alipitia wapi.

Kwa nini walifanya hivyo? Walikuwa na kituo kimoja cha afya chenye vitanda 8, na watu wapatao 12,000 wa kuwahudumia. Chumba cha wagonjwa mahututi hakikuwepo. Hospitali yenye chumba hicho ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa gari. Mkiwa na vitanda 8, hamwezi kusubiri ugonjwa ufike ndipo mpambane nao. Mnauzuia mlangoni, basi.

Tarehe 8 Mei 2020 gavana wa jimbo, Kristi Noem, aliwaandikia barua: ndani ya saa 48 vituo viondolewe, la sivyo atachukua hatua za kisheria. Mwenyekiti wa kabila, Harold Frazier, alikataa. Vituo vikabaki.

Ninawaomba mlitazame tukio hili kwa makini. Wakati ule nchi karibu zote zilikuwa zimefunga viwanja vya ndege na mipaka, na hakuna aliyeziambia zinavunja sheria za barabara. Nchi ikifunga lango lake, huo ulikuwa uongozi makini. Wenyeji wa ardhi ile, wenye mikataba iliyotiwa saini na serikali ya nchi hiyo hiyo, walipofunga lao, ikawa uasi wa kupewa saa 48. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mambo yote nitakayosema leo.

Wala woga wao haukuwa wa bure. Jamii za asili zina kumbukumbu ya magonjwa yaliyoletwa na wageni, na kumbukumbu hiyo ina majina ya mahali. Novemba 1918 meli iitwayo Talune ilitia nanga Apia, Samoa ya Magharibi, iliyokuwa chini ya utawala wa New Zealand. Ilibeba wagonjwa wa mafua makali yaliyokuwa yakiua dunia nzima. Wakuu wa bandari hawakuiweka karantini; abiria walishuka. Katika wiki chache walikufa watu wapatao 8,500, zaidi ya mtu mmoja katika kila watano. Ng'ambo ya maji, kwenye visiwa vya Samoa ya Marekani, bandari zilikuwa zimefungwa, na hakufa hata mtu mmoja kwa mafua yale. Lugha yao ni moja na damu yao ni moja, lakini upande mmoja ulifunga na mwingine ukafunguliwa na mtawala ambaye hakuwauliza wenyeji. Ilipofika mwaka 2002, Waziri Mkuu wa New Zealand, Helen Clark, aliwaomba Wasamoa radhi. Miaka 84 ilikuwa imepita.

Mwezi huo huo wa Novemba 1918, kijiji cha Brevig Mission huko Alaska, chenye watu wazima wapatao 80, kilipoteza 72 kati yao ndani ya siku tano. Mjukuu wa waliosalia hahitaji semina ya kumweleza maana ya maambukizi.

Kwa hiyo Machi 2020, Wamaori wa kabila la Te Whānau-ā-Apanui huko New Zealand walipofunga barabara za ukanda wao wa pwani, walikuwa wanafanya jambo ambalo mababu zao hawakuruhusiwa kulifanya kwa wakati. Polisi wa New Zealand, niwape haki yao, walikubali kusimama nao kwenye vizuizi. Wapo waliopiga kelele bungeni na kwenye magazeti, lakini ushirikiano ule ulionyesha kuwa mamlaka mbili zinaweza kulinda barabara moja bila kugombana.

Australia ilitoa ushahidi ulio wazi zaidi. Mashirika ya afya yanayoendeshwa na Waaborijini wenyewe yalianza mapema: yaliwarudisha watu vijijini, yaliomba maeneo ya mbali yafungwe, yaliandaa matangazo kwa lugha za watu wao. Mwaka wote wa 2020 hakuripotiwa kifo hata kimoja cha Mwaborijini kutokana na UVIKO-19. Kifo cha kwanza kiliripotiwa mwishoni mwa Agosti 2021. Wakati huo ugonjwa ulikuwa umeingia Wilcannia, mji mdogo wenye Waaborijini wengi katika jimbo la New South Wales. Tangu Machi 2020 shirika la afya la wenyeji lilikuwa limeiandikia serikali kuionya: nyumba ni chache, watu wamebanana, mgonjwa akipatikana hatakuwa na pa kujitenga. Onyo lilibaki kwenye faili. Mlipuko ulipofika, kuna waliojitenga kwa kulala kwenye mahema nje ya nyumba zao, wakati wa baridi. Nchi ni ile ile, na virusi ni vile vile. Waliposikilizwa waliokoka, na waliponyamaziwa waliugua.

Ndugu zangu, huko ni kutosikilizwa. Kuna jambo baya kuliko hilo, nalo ni kutumia janga kama pazia.

Watu wanapoamriwa kukaa ndani, waandishi wa habari hawasafiri, mahakama zinafanya kazi nusu nusu, na mikutano ya hadhara imepigwa marufuku. Anayetaka ardhi ya watu hapati wakati mzuri kuliko huo. Brazili, katika ardhi ya Wayanomami, wachimbaji haramu wa dhahabu walikadiriwa kufika 20,000, na hawakukaa nyumbani hata siku moja. Walipanda mito na virusi vyao. Mapema Aprili 2020 kijana wa Kiyanomami wa miaka 15 alifariki hospitalini Boa Vista. Ekuador, tarehe 7 Aprili 2020, mabomba ya mafuta yalipasuka na mafuta yakamwagika katika mto Coca, ambao Wakichwa wanaoishi kando yake huunywa, huuoga na huuvua. Hebu fikirini: redio inasema nawa mikono mara kwa mara, na mto umekuwa mweusi.

Kenya nayo haiwezi kuachwa. Julai 2020, serikali ikiwa imewataka wananchi wabaki majumbani, nyumba za Wasengwer zilichomwa moto katika msitu wa Embobut, na makazi ya Waogiek yakabomolewa katika msitu wa Mau. Waogiek walikuwa wameshashinda kesi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba kuwafukuza msituni kulivunja haki zao. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama hiyo iliamuru walipwe fidia ya shilingi 157,850,000 za Kenya na wapewe hati ya ardhi yao. Baina ya hukumu hizo mbili, janga likiwa limepamba moto, familia zililala nje kwenye baridi ya Mau. Mtu aliyechomewa nyumba unamwambia ajitenge wapi?

Nirudi Brazili, kwa sababu huko ndiko mapambano ya kisheria yalipofika mbali, na sisi tunaotetea haki hizi tuna la kujifunza. Juni 2020 Bunge lilipitisha sheria namba 14.021 ya kuzikinga jamii za asili na janga. Rais Jair Bolsonaro aliitia saini Julai, lakini alivifuta vifungu kadhaa. Vilivyofutwa ni vipi? Wajibu wa serikali kuwapelekea maji safi ya kunywa. Vifaa vya usafi. Vitanda vya dharura hospitalini. Mwezi uliofuata Bunge lilivirudisha vingi vya vifungu hivyo.

Wakati huo huo muungano wa jamii za asili wa nchi hiyo, APIB, ulikwenda wenyewe Mahakama ya Juu, kwa jina lake na kwa mawakili wake. Tarehe 8 Julai 2020 Jaji Luís Roberto Barroso aliamuru serikali iweke vizuizi vya kuzilinda jamii zinazoishi kwa kujitenga na zile zilizofikiwa na wageni hivi karibuni, iandae mpango wa kukabiliana na ugonjwa, na katika kuandaa mpango huo iketi meza moja na wawakilishi wa jamii hizo. Jopo la majaji lilithibitisha amri hiyo tarehe 5 Agosti. Utekelezaji ulisuasua, na mipango iliyoletwa mahakamani ilirudishwa kwa kuwa haikutosha. Hata hivyo, ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ile kukubali kwamba jamii za asili zinaweza kuleta shauri la kikatiba moja kwa moja, bila kupitia mgongo wa chama cha siasa wala taasisi ya serikali. Hilo lilibaki hata baada ya janga.

Katika mzozo ule lilijitokeza jambo ambalo wengi hulipita haraka, nami naliona zito: kuhesabu. Idara ya serikali ya Brazili inayoshughulikia afya ya jamii za asili ilihesabu wagonjwa na marehemu walioishi katika ardhi zilizotambuliwa. Aliyehamia mjini kutafuta kazi, akaugua mjini, akafia mjini, hakuhesabiwa kuwa wa jamii yake. APIB ikaanza kuhesabu yenyewe, kijiji kwa kijiji, na idadi yake ikawa juu ya ile ya serikali. Asiyehesabiwa hapangiwi oksijeni wala chanjo, na kifo chake hakimsumbui waziri yeyote. New Zealand nako, mwaka 2021, taasisi ya Wamaori iliyokuwa ikichanja watu wao ilibidi iende Mahakama Kuu kuomba takwimu za Wamaori ambao hawajachanjwa, ili iwafuate majumbani. Wizara ilikuwa nazo na ilisita kuzitoa. Mahakama iliiagiza wizara iufikirie upya uamuzi wake.

Nchini humo pia tuliona jinsi sheria inayoonekana sawa kwa wote inavyoweza kuumiza. Chanjo ilitolewa kwa umri, wazee kwanza. Nani atapinga wazee kwanza? Lakini Wamaori ni watu wenye vijana wengi, na maradhi mazito huwapata mapema kuliko wenzao. Wataalamu walishauri umri ushushwe kwa ajili yao. Baraza la mawaziri likakataa. Desemba 2021 Baraza la Waitangi, ambalo kazi yake ni kusikiliza malalamiko ya Wamaori chini ya mkataba wa mwaka 1840 kati yao na Taji la Uingereza, lilisema serikali ilivunja misingi ya mkataba huo.

Sasa nizungumze juu ya hospitali, na hapa nawaomba mnivumilie.

Mwaka 2020 akina mama wa Kiyanomami walipelekwa na watoto wao wachanga katika hospitali za Boa Vista. Watoto walifariki. Miili haikurudishwa, ilizikwa makaburini mjini kwa kufuata kanuni za janga, na mama zao hawakuambiwa ilipo. Wayanomami hawaziki maiti ardhini. Maiti huchomwa, na jamii nzima hushiriki maombolezo yanayoweza kuchukua muda mrefu, mpaka marehemu aachiliwe aende. Kwao mwili uliofukiwa mbali na nyumbani ni msiba usiokwisha. Najua maiti yenye maambukizi ina kanuni zake, na sisemi zipuuzwe. Nasema mama aliyezaa ana haki ya kuambiwa kwa lugha anayoielewa: mwanao amefariki, yuko hapa, hiki kinawezekana na hiki hakiwezekani, wewe unataka nini? Maneno hayo hayahitaji bajeti. Yanahitaji mkalimani, na mtu anayemwona mama yule kuwa mama.

Tarehe 28 Septemba 2020, mkoa wa Quebec nchini Kanada, Joyce Echaquan, mwanamke wa Kiatikamekw mwenye watoto saba, alifariki hospitalini. Kabla ya kukata roho alirusha mubashara kwa simu yake sauti za wahudumu wakimtukana. Hakufa kwa UVIKO-19. Uchunguzi wa kisheria ulisema ubaguzi ulichangia kifo chake. Halafu tunashangaa kwa nini watu wanaogopa kwenda hospitali wakiugua, au kwa nini wanaitilia shaka sindano iliyoletwa na mikono ile ile. Kutoaminiana kule kuna sababu, na tangazo la redio haliwezi kuiondoa hali hiyo.

Wapo walioonyesha njia nyingine. Desemba 2020 chanjo zilipofika kwa taifa la Wacherokee nchini Marekani, viongozi wao waliamua kwamba miongoni mwa watakaotangulia ni wazee wanaoizungumza lugha yao kwa ufasaha, ambao walikuwa wamebaki wapatao 2,000. Hakuna wizara ya afya ambayo ingelifikiria jambo hilo. Uamuzi kama huo huufanya mwenye kujua kinachopotea. Huko Brazili, Februari 2021, Aruká Juma, mwanamume wa mwisho wa kizazi cha Wajuma walionusurika kuuawa kwa halaiki katika miaka ya 1960, alifariki kwa UVIKO-19. Mabinti zake na wajukuu wanaendelea kuubeba ukoo. Aliyoyajua yeye peke yake hayakuandikwa popote.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni ya watu wenye nia njema. Wanasema virusi havichagui kabila. Janga linataka kasi. Serikali haiwezi kufanya kikao na kila kijiji wakati watu wanakufa. Nakubali kwamba kasi inahitajika. Lakini angalieni mifano niliyoitaja: nani alichelewa? Wasioux hawakuchelewa. Waaborijini hawakuchelewa. Nchini Marekani, sheria ya Machi 2020 iliyatengea makabila dola bilioni 8 za dharura na kutaka zigawiwe ndani ya siku 30. Siku 30 zilipita bila kuanza kugawiwa, huku makabila yakiwa mahakamani, na mwezi Mei Wanavajo, ambao karibu theluthi ya nyumba zao hazina maji ya bomba, walikuwa na kiwango cha maambukizi kinachopita hata cha jimbo la New York. Ucheleweshaji ulitoka juu.

Pia sitaki kuwapamba. Kufunga vijiji kuliwaumiza watu: masoko yalikatika, wajawazito walishindwa kusafiri, na wapo viongozi wa kimila waliotumia vizuizi kuwabana watu wao wenyewe. Haki ya jamii kujiamulia haimwondolei mwanamke wala kijana ndani ya jamii hiyo haki yake. Anayetetea la kwanza bila la pili anatetea viti vya wazee tu.

Sheria ipo. Tamko la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Jamii za Asili lilipitishwa tarehe 13 Septemba 2007 kwa kura 144. Kifungu cha 10 kinakataza kuwahamisha watu kwa nguvu bila ridhaa yao ya hiari, inayotolewa mapema na baada ya kuelezwa ukweli wote. Cha 23 kinawapa haki ya kushiriki kikamilifu katika kuandaa mipango ya afya inayowahusu na, kadiri inavyowezekana, kuiendesha kupitia taasisi zao. Cha 24 kinalinda tiba zao za jadi pamoja na haki ya kupata huduma zote za afya bila ubaguzi. Vyote viwili, si kimoja badala ya kingine. Hakuna kifungu kinachosema haya yote husimama ugonjwa ukiingia. Mei 2023 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu afya ya jamii za asili, na tarehe 20 Mei 2025 ukapitisha mkataba wa dunia wa kukabiliana na majanga ya magonjwa. Nchi zitaanza kuandika au kurekebisha sheria zao za dharura. Hapo ndipo kazi yetu ilipo, sasa hivi, wakati hakuna king'ora kinacholia.

Tunapoletewa rasimu za sheria hizo, tuzisome tukitafuta mambo mahususi. Je, ufukuzaji wa watu kwenye ardhi unasimamishwa siku dharura inapotangazwa, na nani anaadhibiwa akikiuka? Je, jamii ina mamlaka ya kufunga lango lake, na polisi wanaamriwa kuisaidia? Mgonjwa ataulizwa yeye ni wa jamii gani na jibu lake liandikwe, au karani atamkisia kwa anwani yake? Fedha zitakwenda moja kwa moja kwa taasisi za jamii, au zitazunguka mezani kwanza? Miili ya marehemu itarudishwaje? Na katika kamati ya taifa ya dharura, ile inayokutana usiku wa kwanza, kiti cha mwakilishi aliyechaguliwa na jamii za asili zenyewe kimeandikwa ndani ya sheria, au kimeachwa kwa hisani ya waziri? Kama kimeachwa kwa hisani, tuirudishe rasimu hiyo kwa walioiandika, na tuendelee kuirudisha hadi kiandikwe.

Asanteni kwa kunisikiliza.